Macario ni kiungo kwanza, mabao baadaye

Makala yenu kuhusu Catarina Macario, mwanasoka wa kike wa Marekani, imemsifu kwa haki, ila imemwita mshambuliaji tangu mwanzo hadi mwisho, nami naona hapo mwandishi amempunja. Pale Chuo Kikuu cha Stanford alifunga mabao 63 katika mechi 68, jambo ambalo kila mtu hulitaja, lakini katika mechi hizohizo alitoa pia pasi 47 za mabao, na hiyo ni kazi ya kiungo anayeona nafasi kabla haijafunguka. Alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka 2017 na 2019, pamoja na tuzo ya Hermann, ya mchezaji bora wa soka wa vyuo hivyo, mara mbili mfululizo, 2018 na 2019.

Kuhusu familia, mmepita haraka mno. Alizaliwa São Luís, Brazil, akacheza na wavulana mpaka alipofikisha miaka 12 na kukatazwa kuendelea nao. Ndipo baba yake akamchukua yeye na kaka yake wakahamia San Diego, Marekani, akiwa hajui Kiingereza, huku mama, ambaye ni daktari, akibaki Brazil kufanya kazi ili familia ipate riziki. Binafsi, sehemu hiyo ya mama ndiyo iliyonigusa kuliko vikombe vyote.

Mngeongeza pia kwamba mwaka 2022, siku chache tu baada ya kuifungia klabu ya Lyon ya Ufaransa katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake dhidi ya Barcelona, aliumia goti vibaya, akakosa Kombe la Dunia la 2023.