Bamvua Halijui Siri

Mchumba wangu hanunui hata mwavuli bila kuchora jedwali kwanza. Kwa hiyo tulipokubaliana kutoroshana na kuoana kimya kimya, nilijua jedwali liko njiani. Lilikuja na safu ya mvua, safu ya upepo, safu ya joto, na safu nyingine aliyoipa jina "Uwezekano wa kukutana na ndugu".

Miezi ya mvua ilikatwa siku ileile. Likizo za shule nazo zikafuata, maana utatorokaje kwenda mahali ambako nusu ya ukoo wamekodi vyumba? Miezi ya jua kali niliipinga mimi; poda yangu huanza kuhama kabla ya saa nne asubuhi. Ya upepo iliondolewa na shela lenyewe. Nililijaribu mbele ya feni, likaniingia mdomoni lote. Tukabakiwa na Septemba. Huko tulikokuwa tunakwenda, wakati huo upepo umelegea na watalii wamesharudi makwao. Mimi nikaongeza sharti moja tu: usiku wake uwe wa mwezi mpevu. Kwenye jedwali mwezi haukuwa na safu, basi ukapita bila kupingwa.

Na tarehe ya ndoa ukishaichagua umeichagua. Nchi nyingi zinataka notisi itolewe mapema, na kwingine inabandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze. Yaani unatoroka, halafu serikali inakubandika ukutani kwa pini.

Mpiga picha ndiye aliyetuletea habari za fungu la mchanga. Liko mbali kidogo na ufuko, jeupe, halina mtu. Nahodha aliyetuvusha aliyatazama maji, akamtazama msajili wa ndoa na viatu vyake vya ngozi, akauliza, "Mtakaa sana?"

"Usiwe na wasiwasi, nahodha, kila kitu kimepangwa," mchumba wangu akamjibu.

"Haya," akasema, ile haya ya mtu anayejua ataitwa tena, akaenda kutega nyavu zake.

Mambo ya bahari yako hivi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, tunapata bamvua: maji hupwa mbali kuliko kawaida, kisha hujaa juu kuliko kawaida. Na mabamvua makubwa kabisa ya mwaka huangukia karibu na Machi na Septemba. Fungu lilikuwa pana na zuri kwa sababu hiyohiyo ambayo lingetoweka. Tena maji hayajai kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huja kidogo, ya pili yanaongezeka, ya tatu na ya nne yanakimbia. Karibu nusu ya maji yote huingia katika saa hizo mbili za katikati.

Sisi saa ya kwanza tulimngojea mpiga picha apate mwanga. Ya pili ilikwenda na msajili, ambaye alisoma kila kifungu cha sheria ya ndoa kwa sauti ya kuhutubia uwanja. Alipofika kwenye "kama kuna mwenye pingamizi, aseme sasa," wimbi likampiga magotini.

Hapo heshima ikaisha. Pedi ya muhuri ilipita mbele yangu ikielea, ikiacha mchirizi wa wino wa zambarau, na shahidi wa kwanza akaikimbilia. Shahidi wa pili, aliyekuja kwa hisani tu kutoka mapokezi ya nyumba ya wageni, alituarifu kwamba hajui kuogelea. Msajili alikipandisha kitabu cha ndoa kichwani, akakishika kwa mikono miwili, akaendelea kuniuliza kama ninamkubali huyu bwana. Nilisema ndiyo kwa kupiga kelele. Gauni lilikuwa limeshajaa maji na linanivuta kwa nyuma, shela lilishakwenda zake.

Nahodha alifika bila kuitwa, akatupakia mmoja mmoja pamoja na samaki wake. Mahali pakavu palipobaki ndani ya mashua ni mgongo wake tu, basi akainama, tukatia sahihi juu yake. "Msikandamize kalamu," alisema, "nina jipu."

Siri ilidumu mpaka jioni. Mume wangu aliweka picha moja kwenye status, akaficha ndugu wote, akamsahau shangazi. Simu ikalia. Niliipokea nikiwa na maelezo tayari kuhusu kwa nini hatukumwambia mtu.

"Nyie watoto," shangazi akasema, "bamvua la Septemba mnapanda fungu na viatu?"