Wao Wanagombania Karoti, Sisi Tunaficha Makande

Alhamisi iliyopita, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Cork, Ayalandi, bibi wawili waligombana kwa sababu ya karoti. Mpishi alikuwa amepika ule mchuzi mzito wa kondoo ambao Waayalandi kwa lugha yao wanauita stobhach, akatia karoti. Bibi mmoja akaisukuma sahani. Kwao, alisema, ni shingo ya kondoo, viazi, vitunguu na maji, basi. Anayetia karoti kaharibu. Mwenzake akamjia juu: kwa mama yake karoti zilikuwemo siku zote, tena na shayiri. Nilisimama na sinia mkononi nikiwasikiliza, roho ikaniuma. Ni lini umeona watu wazima wakiyapigania makande namna hiyo?

Mimi ni Mpare wa Suji. Utani wote wa Wapare na makande naujua, msijisumbue kunitumia.

Ukikitazama chungu chao, ni chetu. Kondoo wa zamani aliyeingia humo alikuwa mzee, ameshatoa manyoya na maziwa yake, nyama imekakamaa, ndiyo maana ilitokoswa saa nyingi kwa moto mdogo. Viazi vyenye unga vinapasuka, mchuzi unakuwa mzito bila kuongezwa kitu. Mama naye anainjika makande alfajiri, anakwenda shamba, akirudi maharage yamevunjika na mchuzi umeshika. Ni akili ileile ya mtu mwenye kazi nyingi na vitu vichache.

Na kama ni aibu, wao wana sababu kutuzidi. Kiazi kiliwajia kutoka Amerika Kusini, kama mahindi na maharage yetu yalivyotoka ng'ambo hiyohiyo ya bahari. Maskini wao wakakifanya ndiyo maisha: viazi na mtindi asubuhi, viazi na mtindi jioni, nyama ni bahati. Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia mashambani, viazi vikaoza ardhini. Kufikia 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamepanda meli kuikimbia nchi, huku nafaka na mifugo kutoka nchi hiyohiyo ikipelekwa Uingereza. Wangekichukia kiazi, nani angewalaumu? Leo chungu kile kinabeba jina la nchi yao. Kinaandikwa kwenye ubao wa baa, mgeni anakilipia pesa nzuri, na mwenye baa anakileta mezani kifua mbele.

Sisi je? Kwenye kikao cha harusi ya mdogo wangu niliomba makande yawe mezani, hata sufuria moja. Watu wakacheka. Shangazi yangu, ambaye nampenda sana, akaniambia: "Mwanangu, unataka waseme tumeishiwa?" Ikapangwa pilau, kuku na chipsi. Makande yalipikwa nyuma ya nyumba, ya wapishi na madereva. Saa tano usiku niliwakuta wanakamati walewale wamelizunguka sufuria lile, wanakula wamesimama, gizani.

Kuna atakayesema nimevuka bahari juzi tu, leo nawafundisha watu kula. Ndugu yangu, sijasema Waayalandi wanatushinda upishi. Mchuzi wao mimi naumalizia nyumbani kwa ndimu na pilipili, na kwa mchicha wa nazi wa dada zetu wa Tanga ningeacha sahani yao yoyote. Nasema wanakiheshimu cha kwao.

Mwingine atasema makande mbona yanauzwa Dar. Yanauzwa, nami nimeyala Kariakoo nikaongeza. Lakini aliyekula nawe mchana huo, akikualika kwake Jumapili, atakupikia wali hata kama ni wa kukopa. Na yule atakayesema tuliyala bwenini na wadudu wake mpaka tukayachukia, huyo namwelewa, kwa sababu nami nilisoma bweni. Yale yalikuwa mahindi yaliyochemshwa na mtu asiyetujua. Usimhukumu mama yangu kwa sufuria la shule.

Jioni ile nilimpigia mama nikamsimulia ugomvi wa karoti. Akauliza maswali ya kipishi: kondoo wa umri gani, viazi vinaingia saa ngapi. Halafu nikamuuliza kama makande ya bibi yalikuwa na nazi.

"Nazi?" Sauti ikapanda. "Nani kakwambia? Nazi ni za watu wa pwani. Bibi yako alitia maziwa, tena mwishoni, ukishaepua. Anayetia nazi kayaharibu!"

Akaendelea, na mimi sikumkatiza hata mara moja, mpaka simu ikaisha chaji.