Genge la mtaani: jeshi dogo au marafiki wa kona?

Mkubwa wa kijiwe kimoja cha Boston, mwishoni mwa miaka ya 1930, hakuwa na cheo kilichoandikwa popote. Alichokuwa nacho ni fadhila. William Foote Whyte, mtafiti aliyeishi katika mtaa ule wa wahamiaji wa Kiitalia kati ya 1936 na 1940, aliona kwamba mkubwa huyo aliwatolea wenzake zaidi ya alivyopokea kwao, na hata akikwama alikwepa kumkopa mtu wa chini yake. Wikiendi walikwenda pamoja kubiringisha tufe na kuangusha vigingi. Alama zao zilifuata karibu kabisa ukubwa wao kijiweni. Aliyekuwa mkiani akianza kuongoza, wenzake walimzomea na kumkumbusha yeye ni nani mpaka mkono ukamlegea.

Hao hawakuwa majambazi; wengi walikuwa vijana waliokosa kazi za maana katika miaka ya mdororo wa uchumi. Lakini ndio ninaowakumbuka kila ninaposoma habari za genge dogo la mjini: hakuna katiba, hakuna orodha ya wanachama, ila kila mmoja anajua nafasi yake. Watu wanagawanyika hapo. Je, mpangilio wa namna hiyo ni uongozi, kwa maana wanayoitaka polisi na waendesha mashtaka, yaani ngazi za vyeo na amri kama jeshini?

Wanaosema hapana wana ushahidi wa siku nyingi. Mwanasosholojia Frederic Thrasher alihesabu magenge 1,313 mjini Chicago na kuchapisha matokeo yake 1927. Aliyakuta zaidi katika maeneo ya kati na kati, kando ya reli na viwanda, kwenye nyumba chakavu ambako wapangaji huhama kila mara na hakuna mzee anayethubutu kumkemea mtoto wa mwenzake. Mengi yalianza kama makundi ya watoto wanaocheza. Kilichoyagandisha ni ugomvi: na watoto wa barabara ya pili, na wazazi, na askari. Adui alitangulia, jina la genge likafuata. Na tafiti za karibuni za Marekani zinaonyesha kwamba kijana wa kawaida hukaa ndani ya genge mwaka mmoja au miwili, kisha huchomoka kimyakimya. Jeshi gani hilo ambalo askari wake huacha wanapopata mchumba au kibarua?

Upande wa pili una karatasi mkononi. Mwaka 2000 mwanauchumi Steven Levitt na mwanasosholojia Sudhir Venkatesh walichapisha uchambuzi wa hesabu za genge moja la Chicago zilizohusu miaka minne. Mle ndani kulikuwa na mauzo ya dawa za kulevya, ada za wanachama, hela za kutoza wafanyabiashara, gharama za silaha, na malipo kwa familia za waliouawa. Vijana wa chini walipata kwa saa kiasi kidogo kuliko kima cha chini cha mshahara kisheria, na kwa mwaka takriban 7 kati ya 100 walikufa. Ukiona mahesabu ya aina hiyo, neno "marafiki" linakukwama kooni.

Hata hivyo nadhani hesabu zile zinatuambia zaidi kuhusu bidhaa kuliko kuhusu genge. Penye kitu kinachouzwa kila siku, lazima awepo wa kushika hela, wa kulinda kona na wa kutumwa. Vijana kumi na watano wanaogombania jina la mtaa hawahitaji mhasibu. Tatizo ni kwamba sheria huwavalisha wote kanzu moja.

Na kanzu hiyo huwabana mpaka ikawakaa. Miaka ya 1960 mjini Los Angeles, mtafiti Malcolm Klein alifuatilia mpango wa kuwapelekea magenge walezi wa kuwaandalia mikutano na safari. Nia ilikuwa njema, lakini uhalifu uliongezeka, kwa sababu vikao vile viliwaunganisha watu ambao vinginevyo wangesambaratika. Kubanwa kwa mabavu nako kunaweza kuzaa hilohilo. Mji huohuo, miaka ya 1980, vijana waliokimbia vita vya El Salvador walikuwa na kikundi cha nywele ndefu, bangi na muziki wa hevi metali. Magenge makongwe yakawapiga, gereza likawafunza, na baada ya vita kwisha 1992 wengi wakarudishwa kwa nguvu katika nchi ambayo baadhi yao waliijua kwa kusimuliwa tu. Kikundi hicho ndicho MS-13, genge linaloogopwa Amerika ya Kati.

Mtetezi wa mkono wa chuma atajibu kwa El Salvador hiyohiyo, na jibu lake si dogo. Machi 2022, baada ya watu 87 kuuawa ndani ya siku tatu, serikali ilitangaza hali ya hatari. Zaidi ya watu 80,000 wamekamatwa tangu hapo na mauaji yameporomoka kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Mama aliyekuwa akilipa kodi kwa genge ili auze sokoni hana sababu ya kujali kama waliomnyanyasa walikuwa na ngazi za vyeo au la. Lakini serikali yenyewe imekiri kuwaachia maelfu ya watu wasio na hatia. Hapo ndipo swali la mpangilio linapoacha kuwa la wasomi: usipojua genge linaishia wapi, utamkamata na binamu.

California ilikuwa na hifadhidata ya wanachama wa magenge. Mkaguzi wa jimbo alipoifungua 2016 alikuta watu 42 ambao, kwa tarehe zilizoandikwa, waliingizwa kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Kati yao, 28 walitajwa kuwa wamekiri wenyewe.

Mimi naegemea njia waliyoijaribu Boston 1996, ingawa wapinzani wake wana haki ya kukumbusha kwamba mauaji yalikuwa yakipungua miji mingi ya Marekani wakati huo. Watafiti walikaa na askari na wafanyakazi wa mitaani wakahesabu magenge 61 yenye watu wapatao 1,300, chini ya asilimia 1 ya vijana wa mji, waliohusishwa na angalau asilimia 60 ya mauaji ya vijana. Kisha makundi yakaitwa na kuambiwa uso kwa uso kwamba risasi ya mmoja italiletea kundi zima balaa, na anayetaka kutoka atasaidiwa. Mauaji ya vijana kwa mwezi yalishuka kwa asilimia 63. Ramani waliyoifanyia kazi haikuwa na mti wa vyeo. Ilikuwa na majina ya makundi, na mistari ya nani amegombana na nani.