Protini za moyo katika damu: namba inajibu swali gani?

Mgonjwa analetwa usiku akihema kwa shida. Miguu imevimba kidogo, kifua kinatoa mlio, na kwa miaka mingi amekuwa mvutaji wa sigara. Inawezekana mapafu yake yamechoka, na inawezekana pia moyo umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Dalili za hali hizo mbili hufanana kiasi cha kumtatiza hata daktari mzoefu. Damu inachukuliwa, inapimwa protini iitwayo NT-proBNP, na jibu linarudi: pikogramu 180 kwa mililita. Kwa mgonjwa wa dharura, kiwango kilicho chini ya 300 hufanya uwezekano wa moyo kushindwa uwe mdogo sana, kwa hiyo daktari anaelekeza macho kwenye mapafu bila kupoteza saa za matibabu.

Hapo ndipo vipimo hivi vinapostahili sifa zake. Kuta za moyo zinapotanuka kwa wingi wa damu au kwa shinikizo, chembe zake hutengeneza protini ambayo hukatwa vipande viwili: BNP, homoni inayosaidia mwili kutoa chumvi na maji, na NT-proBNP, kipande kisicho na kazi inayojulikana lakini kinachodumu zaidi katika damu. Herufi B inatokana na neno la Kiingereza la ubongo, kwa kuwa watafiti wa Japani waliigundua homoni hiyo mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe. Baadaye ilibainika kwamba chanzo chake kikuu ni moyo, ila jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Mwaka 2002 utafiti uliohusisha wagonjwa 1,586 waliofika idara za dharura wakiwa na shida ya kupumua ulionyesha kwamba BNP peke yake ilitambua moyo ulioshindwa kwa usahihi zaidi kuliko dalili yoyote moja iliyopatikana kwa kumhoji mgonjwa au kumpima kwa mikono.

Hata hivyo, namba kubwa haina uhakika ulio sawa na wa namba ndogo. NT-proBNP hupanda kwa uzee, kwa ugonjwa wa figo, kwa mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, hata kwa damu iliyoganda kwenye mapafu. Kwa sababu hiyo kikomo cha kuthibitisha ugonjwa katika hali ya dharura hubadilika kwa umri: 450 kwa walio chini ya miaka 50, 900 hadi miaka 75, na 1,800 kwa waliozidi hapo. Na hata namba ndogo ina mtego wake, kwani watu wanene huwa na viwango vya chini kuliko wenzao, hivyo mgonjwa mnene anaweza kuwa na moyo ulioshindwa huku majibu yake yakionekana ya kuridhisha. Pia dawa ya sacubitril, inayotumika kutibu ugonjwa huohuo, huzuia kuvunjwavunjwa kwa BNP na kuipandisha. Anayeitumia ni heri apimwe NT-proBNP.

Kuna waliotumaini kwamba namba hiyo ingeweza hata kuongoza matibabu, yaani dawa ziongezwe mpaka ishuke. Utafiti wa GUIDE-IT, uliochapishwa mwaka 2017, haukupata faida hiyo ukilinganishwa na matibabu mazuri ya kawaida. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayashangazi, kwa kuwa kushusha namba na kumtibu mgonjwa ni mambo mawili.

Mjadala wa troponini ni mgumu zaidi. Protini hii imo ndani ya misuli ya moyo, na huvuja misuli hiyo inapoumia. Katika miaka ya 1950 madaktari walitegemea vimeng'enya kama AST, ambavyo hutoka pia kwenye ini na misuli ya mwili, kwa hiyo mtu aliyeumia mguu angeweza kudhaniwa ameumia moyo. Troponini I na T za moyo ziliondoa sehemu kubwa ya utata huo. Vipimo vya kisasa vina wepesi wa kunasa hata kiasi kidogo mno: katika kipimo kimoja cha troponini T kinachotumika sana, kikomo ni nanogramu 14 kwa lita, kiwango ambacho watu 99 kati ya 100 wenye afya hawakivuki. Kwa wepesi huo, mtu mwenye maumivu ya kifua anaweza kupimwa akifika na tena baada ya saa moja hadi tatu, akaondolewa hofu ya shambulio la moyo, badala ya kulazwa usiku kucha akisubiri.

Lakini wepesi huohuo umeleta mzigo. Troponini inajua kwamba moyo umeumia. Haijui umeumizwa na nini. Hupanda kwa wagonjwa wa figo, kwa maambukizi makali ya damu, kwa uvimbe wa misuli ya moyo, na hata kwa wakimbiaji wa marathoni wenye afya njema. Ufafanuzi wa kimataifa wa mwaka 2018 ulitenganisha waziwazi jeraha la misuli ya moyo na shambulio la moyo: la pili linahitaji namba ipande au ishuke, na pawepo pia ushahidi kwamba moyo ulikosa damu, kama vile maumivu au mabadiliko katika kipimo cha umeme wa moyo. (Isitoshe, vidonge vya biotini vinavyonywewa kwa ajili ya nywele na kucha, vikitumiwa kwa wingi, vinaweza kushusha kwa uongo majibu ya baadhi ya vipimo vya troponini.)

Wanaolaumu kipimo hiki husema kinawapeleka watu wengi kwenye uchunguzi wa mishipa ya moyo wasiouhitaji. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa naona kosa liko zaidi katika kuagiza troponini kwa kila anayeingia mlangoni, hata asiye na dalili yoyote ya moyo. Chukua wagonjwa wawili wa figo sugu. Mmoja ana 40, na baada ya saa tatu ana 41. Mwingine alianza na 40 hiyohiyo, akafikia 130, na kifua kinambana. Karatasi za majibu ya awali hazikuwa na tofauti hata moja, na yeyote aliyeamua kwa karatasi hizo peke yake alimkosea mmojawapo.