Kipimo Kinachodanganya ni Hatari Kuliko Kilichokufa

Nikisikia kiwanda kinajisifia kompyuta mpya za kuendeshea mitambo, swali langu huwa moja: vile vipimo vilivyoko kwenye matangi na mabomba vilihakikiwa lini mara ya mwisho? Udhibiti wote unaanzia hapo. Kipimo kinasoma joto, presha, mtiririko au kina. Transmita inapeleka usomaji huo chumba cha udhibiti. Kidhibiti kinalinganisha kilichosomwa na kinachotakiwa, kisha kinaiamuru vali ifunguke zaidi au ijibane. Hesabu zake zinaweza kuwa za hali ya juu kabisa, lakini chenyewe hakilioni tangi. Kinajua kilichoambiwa, basi.

Waliobuni mifumo hii walijua kwamba kipimo kinaweza kufa. Ndiyo maana ishara ya umeme iliyozoeleka viwandani inaanzia miliampia 4 (miliampia ni sehemu ya elfu ya ampia, kipimo cha mkondo wa umeme) na kuishia 20. Tangi likiwa tupu unasoma 4, likijaa 20, nusu yake 12. Waya ukikatika, mkondo unashuka hadi sifuri, na hakuna atakayedhani kwamba tangi limekauka. Naupenda sana uamuzi huo, kwa kuwa fundi yeyote mwenye mita mkononi anaweza kuutumia. Ila hauna dawa ya kipimo kilicho hai kinachosema uongo.

Uongo wa namna hiyo ulichangia mlipuko ulioua watu tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha BP huko Texas City, Marekani. Siku hiyo walikuwa wanauwasha upya mnara wa kutenganisha mafuta, wenye urefu wa mita 52 hivi. Kina cha mafuta kilitakiwa kuwa mita 2 tu kutoka chini. Transmita yake ilitumia silinda inayoning'inia ndani ya mafuta: mafuta yakipanda, silinda inapungua uzito, kwa kanuni ileile ya Archimedes tuliyosoma sekondari. Sasa, mafuta yakishaifunika silinda nzima, hata yakiongezeka mita arobaini juu yake, uzito wake hauna habari. Kinachoweza kuubadilisha ni msongamano wa mafuta, yaani uzito wake kwa ujazo uleule. Mnara ulipopashwa moto, mafuta yakawa mepesi, na kwenye skrini kina kikaonekana kinashuka taratibu! Tena transmita yenyewe ilikuwa imerekebishwa kwa takwimu za msongamano zisizo za mafuta yale. Muda mfupi kabla ya mlipuko ilikuwa inasoma asilimia 78 ya kipimo chake, yaani chini ya mita 3, huku mafuta yamefika mita 48. Kengele ya pili ya kina cha juu haikulia. Kioo cha kuangalizia kilikuwa kichafu, hakionyeshi kitu. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli ulikuwepo palepale. Mafuta yaliingizwa kwa zaidi ya saa tatu bila kutolewa chini ya mnara. Kinachoingia kisipotoka, kimebaki ndani. Lakini mtiririko wa kuingia na wa kutoka ulionyeshwa kwenye skrini mbili tofauti, na hakuna hesabu iliyofanywa ya kuzioanisha. Siwezi kumbebesha opareta mzigo huo. Alipewa dirisha bovu akaambiwa aangalie nje.

Kwa hiyo nasema wazi: bajeti ya kuhakiki vipimo isiwe ya kwanza kukatwa fedha zikipungua, na kipimo muhimu kiwe na mwenzake anayefanya kazi kwa kanuni nyingine. Silinda mbili za aina moja zitadanganyika pamoja mafuta yakibadilika. Weka mojawapo inayosoma tofauti ya presha, au rada juu ya tangi, uone kama zinakubaliana. Na kipimwe kitu chenyewe. Kule Three Mile Island, kituo cha umeme wa nyuklia huko Marekani, tarehe 28 Machi 1979, taa iliwaonyesha waendeshaji wa kinu kwamba amri ya kuifunga vali imetumwa, nao wakaamini imefunga. Vali ilibaki wazi kwa zaidi ya saa mbili, na sehemu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Wanafunzi wetu wa ufundi nao wanaharakishwa mno kwenda kwenye programu. Mpe kijana transmita ya presha, pampu ya mkono na geji iliyohakikiwa, aipige presha ya asilimia 0, 25, 50, 75 na 100 ya upeo wake, kupanda na kushuka, aandike kila tofauti anayoiona. Kisha mwalimu akate waya, naye aseme mita itasoma ngapi kabla hajaiangalia. Akishaweza hayo, mfungulie kompyuta.