Maganda ya machungwa Dodoma: mtungi wa gesi analipa nani?

Simama dakika tano karibu na muuza machungwa pale Sabasaba au Majengo, jijini Dodoma, uangalie kisu chake. Anazungusha tunda, ganda linatoka kama utepe mrefu, mwembamba, wa kijani au njano, na weupe wa ndani unabaki kwenye chungwa ili mteja apate pa kushikia. Ukisimama upande wenye mwanga utaona manyunyu madogo yakiruka kila kisu kinapopita. Hayo ndiyo mafuta. Jioni ndoo mbili tatu za tepe hizo zinakwenda kwa mbuzi au jalalani.

Kwa hiyo wanaosema kwenye semina za ujasiriamali kwamba lile jalala ni pesa wana msingi. Kinachorukwa kwenye semina hizo ni hesabu ya maji na gesi. Ukiipiga, utaona kwamba kukeneka mafuta ya ganda hapa Dodoma, yaani kuyatoa kwa mvuke, ili uyauze kama mafuta ni hasara. Ukiyakeneka ili uyatie kwenye bidhaa yako mwenyewe, hesabu inabadilika kabisa.

Tuanze na mali yenyewe. Mafuta tete ya chungwa tamu, yaani yanayopaa hewani upesi, hukaa kwenye vifuko vidogo vilivyo katika ngozi ya nje yenye rangi; weupe wa ndani hauna mafuta. Asilimia 90 hadi 97 ni limonini, kemikali ya maganda ya jamii ya machungwa. Kile kidogo kinachobaki, yaani mirsini, linalooli, oktanali na dekanali, ndicho kinachoifanya pua itambue chungwa badala ya dawa ya kusafishia sakafu. Lita moja ina uzito wa gramu 845 hivi, ndiyo maana mafuta huelea juu ya maji na kutenganishwa kwa urahisi. Na yanawaka: yakifika nyuzi joto 50 hivi hutoa mvuke unaoweza kushika moto. Chombo cha kupokelea kikae mbali na jiko, mita mbili si nyingi.

Duniani hakuna mafuta tete yanayozalishwa kwa wingi kuyazidi haya, na sababu ni juisi. Viwanda vya Brazili, hasa jimbo la São Paulo, hutoa juisi na mafuta kwa mkupuo mmoja: ganda hukamuliwa bila moto, mchanganyiko wa maji na mafuta hupitishwa kwenye mashine ya kuzungusha kwa kasi, mafuta yanajitenga. Tani moja ya machungwa hutoa kilo tatu hivi. Gharama ya ganda imeshalipwa na juisi. Ndiyo maana kwa miaka mingi bei ya jumla ilikaa chini ya dola 15 kwa kilo. Miaka ya karibuni ilipanda kwa sababu ugonjwa wa kugeuza majani kuwa njano umeangusha mavuno ya Florida na kuisumbua Brazili, lakini huwezi kujenga karakana Nzuguni juu ya ugonjwa wa miti ya mwenzako.

Sasa upande wa wanaotetea, na hapa wana hoja ambayo wenyewe hawaitumii vya kutosha. Ganda la mashine ya juisi huja na weupe wake wote, nao umejaa pektini, kitu kinachofanya jemu igande. Ukilichemsha linatoa ute na mapovu, chini linaungua, na mafuta yananuka kama jemu iliyokolea moto. Utepe wa kisu cha mtaani ni karibu ngozi ya mafuta tupu. Mmenyaji ameshafanya kazi ambayo kiwanda kingeilipia, tena bila kujua. Wala rangi ya kijani isikutie wasiwasi: machungwa ya Muheza yanayopanda huku kupitia Chalinze na Morogoro yanaiva yakiwa kijani kwa sababu usiku wa ukanda ule una joto, na vifuko vyake vimejaa kama kawaida.

Hasara ya utepe ni muda. Kisu kimeshapasua vifuko, na jua la Dodoma halina huruma. Tepe zilizolala wazi tangu asubuhi zinafika kwenye mtambo zimeshapoteza sehemu nzuri ya harufu, zile aldehidi nyepesi kama oktanali. Mpe mmenyaji ndoo yenye mfuniko, mkubaliane isiingie mifuko wala mchanga, uikusanye adhuhuri na jioni, ukeneke siku hiyo hiyo.

Mzunguko mmoja wa karakana ndogo unakwenda hivi. Chungu cha stenlesi cha lita 80, maji lita 20 chini, juu yake wavu au sahani yenye matundu, halafu tepe kilo 15. Chungwa la gramu 200 hutoa utepe wa gramu 15 hadi 20, kwa hiyo unazungumzia machungwa 750 hadi 1,000. Usizisage zikawa uji, kwa maana mvuke utajitobolea njia moja katikati na kuacha pembeni pabichi. Zikate urefu wa kidole tu. Usizitumbukize ndani ya maji pia, asidi na joto vinageuza harufu. Moto uwe wa wastani. Tone la kwanza likitoka, mafuta mengi huja ndani ya dakika 45, na saa moja na nusu inatosha. Kwa kuwa mji uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96, jambo ambalo kwa mafuta haya ni faida ndogo. Utapata maji ya kukenekwa lita 10 na mafuta gramu 100 hadi 200, kutegemea ubichi wa tepe. Tuseme 150.

(Kabla ya kuwasha, pita kwa mtendaji wa mtaa. Chungu, bomba na koili ya kupoozea mvuke nyuma ya nyumba vinafanana mno na mtambo wa gongo, na maelezo ya mafuta ya machungwa saa nne usiku hayasikilizwi vizuri.)

Kupooza mvuke ndani ya koili iliyozama kwenye pipa la maji ndiko kunakoumiza. Kugeuza mvuke wa lita 10 kuwa maji kunatoa joto la kutosha kupandisha pipa la lita 200 kwa nyuzi 30. Pipa lililoanza na nyuzi 22 linamaliza na 52. Mwisho wa mzunguko koili inatema maji ya moto, na limonini inapaa hewani ukiinusa na kuifurahia wakati ndiyo mali yako inayoondoka. Ukitumia maji ya bomba yanayopita na kumwagika, unahitaji lita 300 kwa mzunguko, yaani lita mbili kwa kila gramu ya mafuta. Katika mji unaotegemea visima vya Mzakwe na mgao, hilo halisemeki. Njia ya kueleweka ni simtanki la lita 1,000 kivulini, maji yazunguke kwa pampu ndogo na kupoa usiku. Juni na Julai baridi ya Dodoma inafanya kazi hiyo bure, na kwa bahati ndiyo miezi machungwa yanapojaa. Oktoba na Novemba maji hayapoi vya kutosha, na machungwa yenyewe ni haba.

Gesi nayo: mzunguko huo unakula kilo moja na nusu hivi kwa jiko linalopoteza nusu ya joto, na majiko mengi hupoteza nusu. Mtungi wa kilo 15 unakupa mizunguko 10, sawa na kilo moja na nusu ya mafuta. Linganisha bei ya mtungi na dola 15 kwa kilo, kisha ongeza mtu wa kukusanya ndoo na chupa. Mkaa haukuokoi, moto wake haushikiki, na Dodoma imeshachoka kukatiwa miti.

Kuna hoja ya bei ya rejareja: chupa ya mililita 10 dukani huuzwa kwa mara nyingi ya bei ya jumla. Kweli, ila mnunuzi wa chupa hiyo anatarajia mafuta ya kukamuliwa bila moto, ya rangi ya machungwa na harufu ya tunda lililopasuliwa sasa hivi. Ya mvuke ni meupe kama maji, yana harufu iliyopikwa kidogo, na yanaharibika haraka kwa kuwa vitu vya asili vinavyozuia kuoksidika vimebaki kwenye ganda. Yakipata hewa na mwanga, limonini huoksidika na kuwa kitu kinachowasha ngozi. Chupa iwe ya kioo cheusi, ijazwe hadi shingoni, ikae mahali baridi, itumike ndani ya mwaka. Kifuniko chenye mpira wa kudondoshea usikitumie kuhifadhia: baada ya wiki chache mpira unavimba na kunata.

Na ukitaka kuuza kama kipodozi, usajili uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania), iliyochukua usimamizi wa vyakula na vipodozi mwaka 2019. Kwa mafuta ya kupaka, yale ya chungwa yasizidi matone 6 hadi 12 kwa mililita 30 za mafuta ya kuchanganyia, alizeti ya Singida inafaa. Alizeti iliyolowekwa maganda tu ni kitu kingine, ingawa sokoni nayo huitwa mafuta ya machungwa. Dondoshea karatasi nyeupe: mafuta tete yanakauka, alizeti inaacha doa la grisi.

Kinacholipa ni sabuni ya maji. Weka mililita 3 kwa lita, na mzunguko mmoja unatosha lita 60 hivi. Gesi yote iliyotumika inagawanyika kuwa gramu 25 kwa lita ya sabuni, na yale maji ya kukenekwa lita 10, ambayo yangeoza ndani ya siku chache, yanaingia kwenye sabuni siku hiyo hiyo badala ya maji ya kawaida. Changanya mafuta na ungaroli (kemikali ya kutoa povu kwenye sabuni) kwanza mpaka yapotee, ndipo maji yafuate. Ukiyamwaga mwishoni yanaelea na sabuni inakuwa na ukungu. Chumvi ya kuzitisha iwe ya mwisho kabisa, kidogo kidogo, maana limonini hulegeza sabuni na ukikosea mapema utaishia kuongeza chumvi hadi iwe maji tena. Kwenye sabuni ya mche usijisumbue: harufu ya chungwa inatoroka ndani ya wiki chache, labda uishikize na mchaichai.

Tepe zilizokwisha mvuke zipoe, zianikwe siku mbili, wapewe mbuzi kwa kuchanganya na majani. Wanazila vizuri kuliko mbichi, kwa sababu ule ukali wa mafuta umeshabaki kwenye chupa.