Asiyelipwa naye afungwe na kanuni?

Miaka michache iliyopita nilijitolea kwenye meza ya maji katika mbio za barabarani. Saa kumi alfajiri tulipewa fulana, beji na kurasa mbili za kanuni za maadili, tukasaini palepale kwa mwanga wa simu. Kufika saa tatu, mwajiriwa mmoja wa waandaaji alikuwa anapakia katoni za maji kwenye gari lake, na wakimbiaji wa nyuma wanakuta vikombe vitupu. Nilipouliza nikajibiwa, "Wewe si umejitolea tu? Haya hayakuhusu." Dada niliyekuwa naye alivua beji, akaiweka mezani, akaenda zake kituoni kupanda daladala.

Tangu siku hiyo nafuatilia sana mjadala huu: je, anayejitolea abanwe na kanuni zilezile zinazombana mwajiriwa?

Wanaosema hapana wana hoja nzito. Mwajiriwa akikosea ana mshahara wa kukatwa. Huyu mwingine ametoa muda wake, mara nyingi na nauli yake. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliwataka wanaojitolea wafanye kazi kama saa nane kwa siku, kwa siku 10 au zaidi, wakipewa yeni 1,000 za usafiri kwa siku na malazi wajitafutie wenyewe. Wajapani wengi waliuliza kama huko bado ni kujitolea au ni kazi bila ujira. Ukimwongezea mtu kama huyo rundo la fomu na vitisho, mwakani hutamwona. Na klabu zetu za mitaani, ambako kocha ndiye anayenunua mpira na kufua jezi, zitakufa zikimpoteza.

Hoja hiyo naikubali mpaka pale mtoto anapoingia. Larry Nassar, daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki ya Marekani kwa karibu miongo miwili, hakuwa akilipwa na shirikisho la mchezo huo. Alikuwa amejitolea. Wasichana waliokuwa wakinyimwa chakula kambini aliwapelekea peremende, wazazi wakamwona mtu wa kushukuriwa. Januari 2018, mahakamani Lansing, maelezo ya wahanga zaidi ya 150 wa unyanyasaji wake wa kingono yalitolewa siku baada ya siku. Mwezi uliofuata rais wa Marekani alitia saini sheria inayomtaka mtu mzima anayehusika na watoto michezoni, awe analipwa au hapana, atoe taarifa ya unyanyasaji ndani ya saa 24.

Kwa hiyo mimi sipimi kwa mshahara. Napima kwa ukaribu na madaraka. Anayegawa maji anahitaji maelekezo ya dakika kumi na kifungua kinywa. Kocha anayesafiri na watoto wa miaka 12 abanwe kikamilifu, hata kama hajawahi kupokea shilingi: asilale nao chumba kimoja, asimpakie mtoto peke yake garini, asimtumie ujumbe usiku bila mzazi kujua. Kocha mwema hapotezi kitu hapo, tena kanuni hizo zinamkinga asisingiziwe.

Lakini kanuni zipande juu pia. Februari 2021, Yoshiro Mori, mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya Tokyo, alisema vikao vyenye wanawake wengi huwa virefu. Mamia ya waliojitolea walijitoa, na tarehe 12 mwezi huohuo akajiuzulu. Watu wasio na mkataba wa ajira walikuwa miongoni mwa waliomdai kiongozi adabu ileile waliyofundishwa wao. Huo ndio usawa ninaouelewa, na ndio uliokosekana pale kwenye meza yetu ya maji. Karatasi niliyosaini alfajiri ile ilikuwa na orodha ndefu ya mambo ambayo sisi tusiyafanye, simu, chakula, picha na wakimbiaji. Haikuwa na hata namba moja ya kupiga ukiona aliye juu yako anakosea.